Mkono Uliotoka Kushoto

"Kushoto! Nakwambia mtu yuko chumba cha kushoto, na kama ni uongo ulimi wangu huu uote kutu!"

"Ulimi wako ulishaota kutu zamani, Kidawa. Yuko kulia. Nimemsikia akikohoa."

"Umesikia kikohozi, au umesikia tamaa yako ya banda la njiwa?"

"Na wewe je? Huyo binti yako anayetafutiwa chumba cha harusi, mchumba mwenyewe yuko wapi? Au naye tukamtafute kushoto?"

Ua mzima ukacheka, kicheko kile cha watu walioshiba maneno na bado wana njaa. Bi Kidawa alikuwa amejifunga kibwebwe, mguu mmoja juu ya kizingiti kisicho chake. Bwana Shekue, mdogo wa mwili, mkubwa wa shingo, alikuwa anatafuna tambuu na kutema mate mekundu katikati ya baraza la watu, kila akimaliza sentensi anatema, kama vile mate ndiyo nukta yake. Na mimi Zamda nimo, tena mstari wa mbele, maana sijakosa ugomvi wa majirani tangu nizaliwe, kama niliwahi kuzaliwa. Mimi ni mtu wa watu. Nyumba isiyo na kelele naiona kama maiti imelazwa ndani. Lakini siku ile, wakati nacheka na wenzangu, nilishikwa na kinyaa.

Nieleze kwanza tulipokuwa, asije mtu akapotea.

Mji wetu uko ndani ya punje. Punje ya nini, na iko mkononi mwa nani, hatujui. Wengine husema aliyeishika anaitazama sasa hivi, na wengine husema alishaitupa. Waliojenga hawakupiga tofali. Walimwaga tabaka juu ya tabaka, kila tabaka unene wa pumzi, mpaka udongo wenyewe ukakunjamana ukafanya vinundu, na kila kinundu kikawa chumba. Vyumba ni vidogo hata mtu hawezi kukaa apendavyo. Kuna sakafu, kuna dari, katikati hakuna ngazi wala mahali pa kuning'inia. Uko chini au uko juu. Na nchi yenyewe si ya kuruhusu wala si ya kukataza: ukiiuliza kama unaweza kupita inakwambia ngoja, na ukingoja sana inakuuliza ulikuwa wapi siku zote.

Mwanga ukitujia, nao hauna saa, huja upendavyo, humnyanyua mtu kutoka sakafuni ukambandika darini, na pale alipokuwa amekaa hubaki pengo. Pengo si nafasi tupu. Nafasi tupu haina adabu, inachukua chochote. Pengo lina mabega ya mwenyewe, lina magoti yake, lina ile namna yake ya kuinamisha shingo anaposikiliza. Mtu na pengo lake hawaachani. Yeye juu, lenyewe chini, huzungukana kama watani, mpaka saa ile anapoanguka ndani yake, na hapo hutoka mwako mdogo, ukafumba na kufumbua, na mtu amerudi kuulizia chai. Sote tumepitia. Hilo si la kusimuliana.

La kusimuliana lilikuwa vyumba viwili vya mwisho wa ua, walivyoishi Siwema na Nyamizi.

Vilikuwa vimekaribiana kuliko vyumba vingine vyote, na ukuta wa kati ulikuwa mwembamba hata ukipumua huku unampuliza aliye kule. Mtu aliweza kuuvuka bila mlango. Hakuutoboa, alikuwa huku, halafu alikuwa kule, na ukuta mzima. Siwema na Nyamizi walikuja siku moja, au walikuwapo kabla ya siku. Mwanga ulipowajia mara ya kwanza ulimnyanyua mmoja na kuacha pengo moja, mtu chumba hiki, pengo chumba kile, na tangu hapo haikujulikana yupi ni yupi. Na nisieleweke vibaya. Si kwamba jambo lilikuwa linajulikana mahali, sisi tu tukawa hatujaambiwa. Mimi mambo kama hayo huyapata kabla ya wenyewe. Hili hata wao hawakulijua. Hata vyumba havikulijua. Nyamizi kushoto na pengo la Siwema kulia. Siwema kulia na pengo la Nyamizi kushoto. Mambo yote mawili yalilala kitanda kimoja na hayakusukumana. Ukiweka sikio ukutani ulisikia wimbo mmoja usio na kinywa. Na kutoka chini ya milango yote miwili ulitoka mwanga mwororo, si wa huku wala wa kule, ambao sisi wote wa ua tuliutumia kuchagulia mchele.

Je, kitu kinaweza kuwa kizima na kikajulikana? Hilo ndilo swali lililonikosesha raha, mimi niliyekula, nikavaa na kunenepa kwa kujua mambo ya watu.

Juu yetu alikuwapo Mpimaji. Sheria yake ilikuwa fupi: kila chumba kiwe na mtu mmoja, anayejulikana. Chumba kitakachokutwa na pengo lisilo na mwenyewe, pengo linafukiwa na chumba anapewa mwingine. Lakini Mpimaji hafungui mlango wa mtu. Hiyo ndiyo heshima pekee iliyobakia, na usimpe sifa kwa ajili yake, maana hana haja ya kufungua. Yeye husimama uani akauliza majirani. Majirani wakisema neno moja, huandika. Wakisema mawili, hana la kuandika, anaondoka. Na akiondoka hivyo mara tatu, nyumba inaitwa ya wasiojulikana na haiguswi tena mpaka punje ipasuke. Kwa Siwema na Nyamizi alikwishakuja mara mbili akaondoka mikono mitupu. Siku ile ilikuwa ya tatu, na angefika adhuhuri.

Kwa hiyo tazama kichekesho. Kidawa akipiga kelele kushoto, Shekue akipiga kelele kulia, kila mmoja anakitaka kile chumba kitakachobaki pengo, na kumbe ugomvi wao ndio uliokuwa unawaweka hai wanawake wale. Mate ya watu wawili wachafu yalikuwa ukuta wa watu wawili wasafi. Nililiona hilo pale pale, na badala ya kufurahi nikaona kinyaa, kama mtu aliyeambiwa kwamba maji anayokunywa yanachujwa kwenye soksi.

Nikazunguka nyuma, mahali vyumba viwili vinapoungana, nikauegemea ukuta wa kati.

"Zamda," sauti ikasema. Ilitoka katikati kabisa.

"Abee."

"Umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuwasalimu tu."

"Salamu yako ina macho."

Nikayainamisha macho.

"Leo usibishe hodi," sauti ikaendelea, na neno lililoanzia kushoto likamalizikia kulia. "Usituite kwa jina. Ukibisha, mmoja wetu ataitika, na yule ambaye hakuitika atakuwa pengo saa hiyo hiyo, na Mpimaji atamfukia. Atakayeitika hatujui nani. Hatutaki kumjua. Tuache hivi hivi mpaka adhuhuri ipite."

"Haki ya Mungu, sibishi."

"Usiape. Nenda nyumbani ukakae."

Nenda nyumbani ukakae! Unamwambia nani? Nilikwenda nyumbani, ndiyo, na nilikaa, na nilipokaa nikaiona sahani.

Ilikuwa yao, ya maua ya bluu, imepasuka ukingoni kidogo. Juzi walikuwa wameniletea vibibi, vichapati vya nazi nzito, vilivyoachwa mlangoni kwangu na mkono ambao sikuuona. Na kwetu, hata mlevi anajua, sahani ya jirani hairudi tupu wala hailali kwa watu siku ya tatu. Ikilala, wewe si mtu, wewe ni shimo lililomezwa na shimo. Na leo ilikuwa siku ya tatu. Nami nisingekuwa na la kujitetea. Nikasema, nimeambiwa nisibishe hodi, sikuambiwa nisirudishe sahani. Nikapika mkate wa kumimina, nikaukata pembe nne, nikaupanga, nikaufunika kitambaa.

Hapa ndipo watu huniuliza, na mimi hujiuliza. Je, Zamda, ilikuwa ni adabu? Adabu. Adabu tupu? Adabu. Na vidole vyako vilipokuwa vinapanga mkate, ulimi wako ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa umelala. Mwongo. Ulikuwa macho.

Nilipofika, baraza lilikuwa moja kwa milango yote miwili, na katikati yake ndipo nilipokusudia kuiweka, katikati barabara, isiegemee mlango wa mtu. Lakini katikati palikuwa na mate ya Shekue. Mekundu, yamefanya utando, na sisimizi mmoja amenasa anatupa miguu. Nikaona kinyaa. Nani anaweka chakula cha watu juu ya mate? Nikaisogeza sahani. Si sana. Nusu shubiri. Upande wa kushoto.

Sikubisha hodi. Sikuita jina. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikasimama na wenzangu.

Nzi wakaja. Kitambaa kilikuwa kifupi, pembe moja ya mkate ilikuwa wazi, na nzi wanajua pembe. Mmoja, watatu, wengi. Sasa fikiria: umelelewa na watu, chakula cha jirani kiko kizingitini kwako kinaliwa na nzi mbele ya ua mzima. Utafanyaje? Adabu niliyoifuata mimi ndiyo iliyowafuata na wao ndani. Hakuna kufuli la kuzuia adabu. Mlango wa kushoto ukafunguka upana wa kiganja, na mkono ukatoka, ukaichukua sahani, ukarudi.

Basi. Ni hivyo tu.

"Mkono wa Nyamizi!" akasema mtu. Sijui alikuwa nani; inawezekana ni mimi. Hakuna aliyepata kumjua Nyamizi kwa mkono, lakini jina liliposemwa, mkono ukaliingia kama unavyoingia bangili. Wimbo ukakatika. Ule mwanga wa chini ya milango ukabakia chini ya mlango mmoja, mkali, wa manjano, wa kawaida, kama taa ya mtu yeyote.

Na chumba cha kulia, ambacho hakuna aliyekitazama, ambacho hakuna aliyekigusa, kilikuwa pengo. Saa hiyo hiyo. Naapa hakuna aliyekimbia kwenda kukiambia. Mimi nimeishi nikiamini kwamba duniani hakuna chenye mbio kuliko umbea. Nimeona habari ya talaka ikifika sokoni kabla ya talaka yenyewe. Lakini hili halikwenda, halikufika. Wawili wale walikuwa jambo moja, nasi tulipolishika upande huu, upande ule ulikuwa umeshashikwa. Ukimjua mmoja umemjua wa pili. Ukimpata mmoja umempoteza wa pili. Sijui kama kuna kitenzi cha tendo hilo. Sisi tuliita kuangalia.

"Kushoto!" akalia Kidawa. "Nilisema mimi!"

Shekue akatema. Akatazama mlango, akatazama mate yake, akasema taratibu, "Haya. Kushoto."

Ua wote ukasema kushoto. Nami midomo yangu ilitikisika.

Mpimaji alikuta kazi imekwisha. Alikuja na mwavuli na kipande cha chaki, mtu safi, viatu vyake havina hata vumbi, na nilimchukia kwa usafi ule kuliko nilivyowachukia wenzangu kwa uchafu. Akauliza, "Nani yuko wapi?"

"Nyamizi kushoto! Siwema pengo, kulia!" Sauti moja. Sijawahi kusikia majirani zangu wakiafikiana kitu, hata kwamba jua limetoka.

Akapiga alama ya chaki mlango wa kulia. "Fukieni," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza maji. Kisha akatutazama, mmoja mmoja, akatabasamu. "Mimi sijawahi kupima kitu maishani mwangu. Nyinyi mna vipawa."

Akaondoka. Adhuhuri ikapita, ikasita, ikarudi, ikapita tena. Siku hizo wakati nao ulikuwa na soni.

Basi wakaingia. Tukaingia. Chumba kizima kikajaa, bega kwa bega, jasho kwa jasho, pumzi za vitunguu na tambuu, na katikati ya sakafu lilikuwa limekaa pengo la Siwema, limeinamisha shingo. Lilikuwa linasikiliza bado. Watu walitia vidole ndani yake kuona kama ni baridi. Mwanamke mmoja alitia mkono mpaka kiwikoni, akautoa, akaunusa, akacheka. Mwingine alikaa ndani yake kabisa, akajifanya yeye ndiye Siwema, akaongea kwa sauti nyembamba, na wenzake wakashika mbavu. Kidawa alikuwa dirishani anapima pazia kwa shubiri. Nikasikia anamwambia Shekue, "Sikia bwana wee, binti yangu anahitaji chini tu. Darini weka njiwa wako." Na Shekue akasema, "Nilijua wewe ni mtu wa haki, dada yangu." Dada yangu! Asubuhi walikuwa wanatukanana hadi ukoo.

Mimi nilikuwa nimependa watu. Nawaambia kweli, nilikuwa nimewapenda hivyo walivyo, meno yao, harufu zao, vishindo vyao, nyumba ikijaa hadi watu wanakaa juu ya vinu. Nikidhani wingi ni joto, na joto ni uhai. Kumbe kuna uhai unaoishi kwenye ubaridi tu, mahali ambapo hakuna anayekugusa bega kukuuliza wewe ni nani, na joto letu tunalolisifu ndilo linaloupika ukafa. Kila pumzi yetu ni swali. Kila jicho ni kidole. Hatuui kwa chuki. Chuki ingekuwa na staha. Tunaua kwa kujaa.

Ukaitwa msaragambo, kazi ya mikono ya wote. Makarai yakapangwa, udongo ukachotwa nyuma ya ua, na mstari ukatengenezwa kutoka shimo hadi chumbani. Unajua msaragambo: hakuna anayefanya, kila mtu anapitisha. Karai lilipofika kwangu nililipokea, maana nilikuwa kwenye mstari, na aliye nyuma yangu ameshanyosha mikono. Nikalipitisha. Wakaanza na magoti. Halafu tumbo. Shingo ilichelewa kujaa. Udongo uliteleza, ikabidi wakanyage. Walikanyaga wakiimba.

Walipomaliza walinawa kwa maji ya Nyamizi, bila kuomba, wakaenda kusimuliana yale waliyoyaona pamoja.

Mimi nikabaki. Nikasimama mbele ya mlango wa kushoto na mikono yangu yenye udongo, sijui kama nibishe hodi, na kwa nini nisibishe sasa. Nikabisha.

Akafungua. Alikuwa mwanamke. Hilo tu. Uso mmoja, wa kawaida, kama wa mtu unayempisha njiani na kumsahau. Kovu dogo kwenye kidevu, jicho la kulia limelegea kidogo. Nilikuwa nimetamani kumwona tangu nijue kutamani, na nilipomwona nikaona haya kwa uchache wake.

"Zamda."

"Abee, dada."

"Nikianza neno, lilikuwa linamalizikia kule," akasema. Akasimama, kama anayesubiri. "Sasa naanza mwenyewe na kumaliza mwenyewe. Kazi nzito."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Umwombe nani? Uliyemkosea si ulimpitishia karai la udongo?"

Nikatazama chini. "Sikubisha hodi, Nyamizi. Haki ya Mungu. Ni sahani tu. Pale katikati palikuwa na..."

"Najua palikuwa na nini."

"Nusu shubiri."

"Ilitosha."

Upande wa pili wa ukuta, Kidawa alikuwa anagongelea msumari wa pazia, na kila pigo lilitikisa vumbi likamwangukia Nyamizi begani. Hakulipangusa.

"Nijibu moja," akasema. "Kati yangu na wewe, na sasa hakuna mwingine. Ulitaka kujua?"

Ningeweza kusema adabu. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, tamu, limekatwa pembe nne. Kinyaa kikanipanda kikalisukuma likatoka lingine.

"Nilitaka."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokwishakiona. "Basi umejua. Ndiye mimi. Nami nimejua pamoja na wewe, na sina pa kuupeleka ujuzi huu." Akanitazama usoni, akatazama mikono yangu, tena usoni, kwa muda mrefu, na katika muda ule nilihisi nikipungua, nikiwa Zamda na si kingine, Zamda wa ua, Zamda wa mstari wa mbele, mtu mmoja, anayejulikana.

Ndani kulinukia wali wa nazi, na chini yake harufu ya ukoko uliokuwa unaanza kuungua.

"Umeshakula?"

"Nimekula," nikadanganya.

"Hujala. Nimepika vibaba viwili, Zamda. Cha mmoja sijui hata maji yake huwekwa kiasi gani." Akasogea kando, mlango ukawa wazi, na mkekani nikaona mahali pawili, hapa pamekaliwa, pale hapajaguswa. "Vua viatu. Kanawe hiyo mikono, uje ukae pale. Karibu tule."